Kompyuta haipigi ramli

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Kila unapozuka mlipuko wa maradhi, iwe ni kipindupindu, Ebola au Korona, hazipiti siku nyingi kabla ya kusikia takwimu za siku zijazo. Wataalamu husema ifikapo tarehe fulani wagonjwa watakuwa elfu kadhaa, na ikifika mwezi fulani watakuwa laki kadhaa. Ukiuliza takwimu hizo zimetoka wapi, utajibiwa kuwa zimetoka kwenye kompyuta. Hapo ndipo watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaozipokea kama kwamba zimeshuka kutoka mbinguni, na wapo wanaozicheka na kusema huo ni uganga wa kizungu. Makundi yote mawili yanakosea, na kosa lao huweza kugharimu maisha ya watu. Leo ningependa tutazame kompyuta inafanya nini hasa inapopewa kazi hiyo, kwa sababu jambo lenyewe si gumu kama linavyodhaniwa.

Tuanze na kiini cha tatizo. Katika mlipuko wa maradhi ya kuambukiza kuna wazima wasio na kinga, na kuna wagonjwa. Idadi ya watakaoambukizwa leo hutegemea mambo mawili kwa pamoja: wagonjwa ni wangapi, na wazima waliobaki ni wangapi. Wagonjwa wakiongezeka, wazima hupungua kwa kasi zaidi. Wazima wakipungua, wagonjwa nao hukosa wa kuwaambukiza. Kwa hiyo huwezi kuhesabu upande mmoja ukaumaliza, kisha ndipo uanze upande wa pili. Ni mfano wa watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja mabegani: mmoja akiongeza mwendo, mwenzake hana budi kufuata, na mwenzake akijikwaa, wote wawili huyumba. Wanahisabati huziita hesabu za namna hii milinganyo iliyofungamana. Mlinganyo mmoja hueleza kasi ya kupungua kwa wazima, na wa pili hueleza kasi ya kubadilika kwa idadi ya wagonjwa, na kila mmoja unamtaja mwenzake ndani yake.

Fikra hii si ya jana. Sir Ronald Ross, daktari aliyegundua mwaka 1897 vimelea vya malaria ya binadamu ndani ya mbu, na aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alitumia hesabu za aina hiyo kuonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kwamba si lazima kumuua kila mbu ili malaria itoweke, inatosha kuwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani. Daktari mmoja wa jeshi aliyewahi kufuatana naye huko Sierra Leone mwaka 1901, Anderson McKendrick, aliiendeleza kazi hiyo. Baadaye, katika maabara ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini Edinburgh, Scotland, McKendrick alishirikiana na mkemia kijana, William Kermack. Huyu Kermack alipofuka macho yote mawili mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 26, kutokana na ajali ya maabara. Ilimlazimu kuzifanya hesabu zake kichwani. Mwaka 1927 mabwana hawa wawili walichapisha milinganyo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu nyingi za milipuko duniani.

Sasa tuchukue mji mdogo wa kubuni, wenye watu 1,000. Siku ya kwanza wagonjwa ni 10, na wazima wasio na kinga ni 990. Tuseme mgonjwa mmoja, akiwa amezungukwa na wazima watupu, huambukiza kwa wastani mtu mmoja kila siku mbili, yaani nusu mtu kwa siku. Tuseme pia kwamba kila siku robo ya wagonjwa hupona na hawaugui tena. Hizo ndizo kanuni zote. Swali ni hili: baada ya siku 10, mji huu utakuwa na wagonjwa wangapi?

Njia ya mkato ni kutazama kasi ya siku ya kwanza na kuizidisha mara 10. Siku ya kwanza wagonjwa 10 huambukiza karibu watu 5, au kwa usahihi zaidi 4.95. Wanaopona ni 2.5. Ongezeko ni 2.45 kwa siku. Kwa siku 10 ni 24.5. Ukijumlisha na wale 10 wa mwanzo, hawafiki 35. Mganga mkuu wa mji huo akiandaa vitanda 35, atalala usingizi mzuri.

Lakini kasi ya siku ya kwanza si kasi ya siku ya tano. Kwa hiyo mhesabuji mwangalifu huenda hatua ya siku moja, husimama, hupima kasi upya, kisha huenda hatua nyingine. Njia hii ilielezwa na mwanahisabati Leonhard Euler katika kitabu alichokichapisha mwaka 1768. Ukiifuata kwa siku 10 katika mji wetu, utapata wagonjwa 75. Kanuni ni zile zile na mji ni ule ule, lakini 35 wamekuwa 75 kwa sababu tu tumefupisha hatua.

Je, 75 ndilo jibu sahihi? Bado. Na hapa ndipo anapoingia Mwingereza Brook Taylor, ambaye mwaka 1715 alichapisha kanuni inayojulikana hadi leo kama mfululizo wa Taylor. Ili kuielewa, fikiria uko ndani ya basi lililopita Chalinze kuelekea Morogoro. Mshale unaonyesha kilomita 60 kwa saa. Ukiulizwa baada ya dakika 10 mtakuwa mmesogea kiasi gani, utajibu kilomita 10. Lakini tuseme dereva anakanyaga mafuta mfululizo, na mwisho wa dakika hizo 10 mwendo umefika kilomita 90 kwa saa. Hamkwenda 60 muda wote, wala hamkwenda 90 muda wote. Mmekwenda kwa wastani wa 75, yaani mmesogea kilomita 12 na nusu. Aliyetazama mshale peke yake amekosea kwa kilomita 2 na nusu. Aliyetazama mshale na mguu wa dereva pia amepata.

Mfululizo wa Taylor unafanya hivyo hivyo. Unaanza na pale ulipo. Unaongeza kasi. Kisha unaongeza badiliko la kasi, lakini kwa nusu yake, kwa sababu ile ile ya wastani tuliyoiona ndani ya basi. Ukitaka usahihi zaidi unaongeza badiliko la lile badiliko, yaani kama mguu wa dereva wenyewe unazidi kushuka au umeanza kuinuka, na kuendelea hivyo kadiri unavyotaka. Kila nyongeza ni ndogo kuliko iliyotangulia, mradi tu hatua yako ni fupi.

Turudi mjini kwetu. Siku ya kwanza ongezeko la wagonjwa ni 2.45, lakini ongezeko hilo lenyewe linakua kwa kiasi cha 0.58 hivi kila siku. Nusu yake ni 0.29. Kwa hiyo kesho wagonjwa si 12.45 bali ni 12.74. Tofauti hiyo utaiona ndogo mno, hata hujui kwa nini watu wasumbuke nayo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Ukienda hatua 10 za siku moja moja kwa namna hii ya pili, siku ya kumi utapata wagonjwa 86. Na ukizikata hatua ziwe fupi zaidi, za saa badala ya siku, jibu linabaki pale pale, 86. Hapo ndipo mhesabuji anapojua kwamba amefika.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kwa mji mmoja na maradhi yale yale tuna majibu matatu: 35, 75 na 86. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kujumlisha. Tofauti yote imetokana na urefu wa hatua, na kama mhesabuji alitazama mshale tu au alitazama na mguu wa dereva. Katika mji wa watu 1,000, tofauti kati ya 35 na 86 ni wagonjwa 51 wasio na kitanda. Katika mji wa watu milioni moja, kwa kanuni hizo hizo na uwiano ule ule wa wagonjwa wa mwanzo, ni wagonjwa zaidi ya 51,000.

Kompyuta inaongeza nini hapo? Inaongeza wepesi na uvumilivu. Programu ya kufanya kazi hii haizidi mistari michache. Inaiambia mashine: shika idadi ya wazima na wagonjwa, pima kasi ya kila upande, pima badiliko la kila kasi, songa mbele siku moja, andika jibu, rudia. Mashine haichoki kurudia mara elfu wala mara milioni. Lakini haijui maradhi ni nini, wala haijui mji, wala haioni kesho. Inafuata maagizo tu.

Na katika maagizo hayo kuna mtego ambao vijana wanaojifunza kuandika programu huunasa mara nyingi. Wanaandika mstari wa kubadilisha idadi ya wazima, halafu mstari unaofuata wanabadilisha idadi ya wagonjwa. Wanasahau kwamba ule mstari wa kwanza umekwisha kufuta idadi ya jana ya wazima. Kwa hiyo wagonjwa wa jana wanahesabiwa pamoja na wazima wa leo. Wale wabeba mzigo wawili mmoja kishapiga hatua na mwingine bado, na mti umekaa upande. Mashine haitalalamika. Itatoa jibu lenye tarakimu nyingi baada ya nukta, nalo halitakuwa jibu la hesabu aliyodhani ameiandika. Dawa yake ni kupima kasi zote kwa idadi za zamani kwanza, kisha kubadilisha pande zote kwa mara moja.

Kwa njia ya Taylor, kufungamana huku kunaonekana wazi zaidi. Ili kupata badiliko la kasi ya wagonjwa, lazima ujue kasi ya wazima. Ili kupata badiliko la kasi ya wazima, lazima ujue kasi ya wagonjwa. Ni ngazi inayopandwa na wawili: hakuna anayeweza kukanyaga kipandio cha tatu kabla mwenzake hajafika cha pili. Zamani kazi hii iliwachosha wahesabuji kwa sababu kila kipandio kina hesabu ndefu kuliko kilichotangulia. Leo programu huweza kuvijenga vipandio hivyo yenyewe, kimoja baada ya kingine, vikafika hata 20 kwa hatua moja.

Pengine utajiuliza: ikiwa hatua ndefu zinapunguza usahihi kidogo, madhara yako wapi? Hebu tuendelee na yule mtu wa hatua za siku 10 tuone anafika wapi. Siku ya 10 ana wagonjwa 35 kasoro. Siku ya 20 ana 110. Siku ya 30 ana 264. Kufikia hapo bado maneno yake yanaingia akilini. Lakini siku ya 40 hesabu yake inasema kwamba idadi ya wazima waliobaki mjini ni 112 chini ya sifuri. Watu 112 ambao hawapo hata kidogo, na bado wameambukizwa! Upuuzi huo unaweza kuchapwa vizuri kwenye karatasi, ukachorewa na grafu ya rangi. Na hatari kubwa zaidi ni pale hatua zinapokuwa ndefu kiasi cha kupotosha, lakini si kiasi cha kuchekesha. Hapo hakuna atakayeshtuka.

Ukweli wa mji ule, kwa hatua fupi, ni mwingine kabisa. Wagonjwa wanazidi kuongezeka mpaka wazima wanapobaki 500, yaani nusu ya mji. Hapo wagonjwa wanafika kilele, karibu 158 kwa wakati mmoja, kisha wanaanza kupungua. Na mlipuko unapokwisha, watu karibu 200 hawakuguswa kamwe. Hili ndilo jambo kubwa ambalo Kermack na McKendrick waliuonyesha ulimwengu mwaka 1927: mlipuko hauishi kwa sababu watu wa kuambukizwa wamekwisha. Unakwisha kwa sababu waliobaki ni wachache kuliko kiwango kinachohitajika kuuendeleza. Na katika ugunduzi huo ndimo ilimo hoja ya chanjo: huhitaji kumchanja kila mtu, lakini unahitaji kuvuka kiwango.

Mabwana wale hawakuwa na kompyuta. Waliponaswa na mlinganyo usiofunguka, walitumia mfululizo wa Taylor wakaukata baada ya nyongeza ya pili, wakapata kanuni fupi yenye umbo la kengele. Wakailinganisha na vifo vya kila juma vya tauni ya Bombay, kuanzia Desemba 1905 hadi Julai 1906. Mchoro na vifo vilifuatana vizuri mno. Hata hivyo walikuwa waungwana. Walieleza kwamba tauni ile ilikuwa hasa ya panya, kwamba hesabu yao ilichukulia mambo mengi kuwa hayabadiliki, na kwamba mchoro ulikuwa wa kukadiria tu. Mfululizo uliokatwa hufaa pale mlipuko ni mdogo. Mlipuko ukiwa mkubwa, zile nyongeza zilizotupwa ndizo zenye uzito. Mchoro kufanana na takwimu ni jambo jema, lakini haujathibitisha kwamba sababu nazo zinafanana.

Hilo linatufikisha kwenye kosa la aina ya pili, ambalo hata hatua fupi namna gani haziwezi kulitibu. Nalo ni kosa la kanuni zenyewe. Katika mji wetu tulisema kila mgonjwa huambukiza nusu mtu kwa siku. Nani alisema? Na watu wakisikia hatari, wakaacha kupeana mikono, wakabadilisha namna ya kuzika, ile nusu itabaki nusu?

Mfano mzuri tunao katika bara letu. Mwezi Septemba 2014, wakati Ebola ikichachamaa Afrika Magharibi, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa hesabu iliyofanywa kwa jedwali la kompyuta, ikienda mbele siku baada ya siku. Ilisema kwamba bila juhudi za ziada na bila watu kubadili mienendo, Liberia na Sierra Leone zingekuwa na wagonjwa wapatao 550,000 ifikapo tarehe 20 Januari 2015, na kama ukiwahesabu wale wasioripotiwa, wangefika milioni 1.4. Mpaka ugonjwa ule unakwisha mwaka 2016, nchi zote tatu zilizoathirika sana, pamoja na Guinea, zilikuwa zimeandikisha wagonjwa zaidi ya 28,600, na vifo zaidi ya 11,300.

Wapo waliosema: mnaona, kompyuta ilidanganya. Lakini tuyasome maneno ya hesabu ile kwa makini. Ilisema "bila juhudi za ziada". Juhudi ziliongezwa. Vitanda vya kutengea wagonjwa viliongezwa, maziko ya salama yakafanywa, na wananchi wenyewe wakabadili mienendo. Aliyekwambia kwamba ukiendelea na njia hii utatumbukia shimoni hakukudanganya ikiwa wewe uligeuka kwa sababu ya onyo lake. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hesabu ya namna hii ni taa ya kuonyesha ufa. Kwa upande mwingine, wale walioinukuu tarakimu ya milioni 1.4 bila kutaja sharti lake walifanya kosa, na kosa hilo sisi waandishi wa habari hatuna budi kujihadhari nalo kila siku, maana sharti ni refu na tarakimu ni fupi, na kichwa cha habari hakina nafasi.

Basi tufanye nini tunaposikia takwimu za namna hii? Nashauri tuulize maswali matatu. Swali la kwanza: kanuni mlizoipa mashine ni zipi, na mmezipata wapi? La pili: hatua yenu ilikuwa ndefu kiasi gani, na mlipoikata nusu jibu lilibaki lile lile? Mtaalamu makini hujaribu jambo hili kabla hajafungua mdomo, na haoni haya kuulizwa. Kumbuka tu kwamba hata kukata kuna kikomo, kwani mashine hukadiria tarakimu za mwisho, na makadirio hayo yakirudiwa mara nyingi mno nayo hujikusanya. Swali la tatu: jibu hili ni la hali gani, ya kukaa bure au ya kuchukua hatua?

Maswali haya hayahitaji shahada. Diwani anaweza kuyauliza kwenye kikao, na mwandishi kwenye mkutano wa habari. Mwalimu wa hisabati naye anaweza kuwapa wanafunzi mji ule wa watu 1,000, kalamu na karatasi, wafikishe siku ya kumi wenyewe. Watakaofanya hivyo hawataogopa tena takwimu za kompyuta, wala hawataziabudu.

Ramli hupigwa gizani, na mpiga ramli hakuonyeshi njia aliyopita. Hesabu njema ina kila hatua imeandikwa, na yeyote mwenye subira anaweza kuirudia akaona palipoteleza. Anayekuletea tarakimu akakataa kukuonyesha hatua zake, huyo ndiye wa kumtilia shaka, awe na kompyuta au awe na kibao cha mchanga.